Jina Lisilo na Faharasa: Wanahabari Wanawake katika Vitabu na Hazina za Marejeo

Mwezi Januari mwaka 1930, mjini Chicago, mama mmoja wa umri wa miaka 67 alihudhuria mkutano uliojadili kitabu cha historia ya Wamarekani Weusi kilichotungwa na Carter G. Woodson. Aliporejea nyumbani aliandika katika shajara yake kwamba ndani ya kitabu kile hamkuwa na neno hata moja juu ya kazi yake ya kupinga mauaji ya halaiki ya barabarani, yale ambayo makundi ya Wazungu yaliwatendea watu Weusi bila ya hukumu ya mahakama. Mama huyo alikuwa Ida B. Wells. Woodson alikuwa msomi wa kuheshimika, tena Mweusi mwenziwe, na ndiye aliyeasisi juma la kuadhimisha historia ya watu wake mwaka 1926. Kwa hiyo hapakuwa na uadui wowote. Kitabu cha marejeo kilimsahau mwandishi ambaye, miaka 35 kabla yake, jina lake lilikuwa likijulikana pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi kusahauliwa kwa namna hiyo kunavyotokea, na jinsi wanawake wa kazi ya uandishi wa habari walivyopotea katika kamusi za wasifu, katika katalogi za maktaba, na katika siku hizi zetu katika kamusi elezo zinazosomwa kwenye intaneti. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba kamusi elezo haianzi kumsahau mtu pale inapoandikwa. Usahaulifu huwa umekwisha kutendwa zamani, katika chumba cha habari, katika safu ya taazia, na katika namna ya kuliandika jina. Anayekuja baadaye huokota kilichosalia.

Ida Bell Wells alizaliwa utumwani katika mji wa Holly Springs, Mississippi, tarehe 16 Julai 1862. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi, na makala yake ya mwanzo aliyatia saini ya jina la kupanga, Iola. Mwaka 1889 alinunua hisa katika gazeti la Memphis lililoitwa Free Speech, akawa mhariri wake. Mwezi Machi 1892 rafiki yake Thomas Moss, mwenye duka la vyakula, aliuawa pamoja na wenziwe wawili, Calvin McDowell na Will Stewart. Kisa hasa kilikuwa ni biashara: duka lao lilishindana na duka la Mzungu aliyekuwa jirani. Wells alipoandika kwamba visingizio vya ubakaji vilivyotolewa kila mara kuhalalisha mauaji kama hayo vilikuwa uongo, kundi la watu liliivamia ofisi ya gazeti na kuiharibu. Yeye mwenyewe alikuwa safarini, akaonywa asirudi. Kutoka New York alichapisha kijitabu chake Southern Horrors mwaka huo huo wa 1892, na mwaka 1895 kingine, The Red Record, ambamo alikusanya majina, mahali na sababu zilizotajwa, akitumia habari zilizochapishwa na magazeti ya Wazungu wenyewe ili asije akaambiwa amezua. Njia hiyo ya kutumia takwimu na ushahidi wa mpinzani ilikuwa ngeni katika uandishi wa habari wa wakati ule. Yafaa kukumbuka pia kwamba maneno yake mengi ya Free Speech yanajulikana leo kwa sababu magazeti mengine yaliyanukuu, na kwa sababu yeye mwenyewe aliyachapisha tena. Lau angeliliachia gazeti peke yake kazi ya kumhifadhi, yangalikuwa yamekwenda na moto.

Katika miaka yake ya mwisho alianza kuandika maisha yake. Sababu aliyoitoa katika dibaji ni ya kusikitisha: msichana wa miaka 25 alikuwa amemfananisha na Joan wa Arc mbele ya watu, na alipoulizwa ni kwa nini, hakuweza kueleza, maana alilijua jina tu bila ya kuijua kazi. Wells alifariki tarehe 25 Machi 1931 na muswada ukakatika katikati ya sentensi. Binti yake, Alfreda Duster, aliuhifadhi na kuwatembezea wachapishaji kwa miaka mingi, na kitabu hakikutoka hadi mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Chicago kilipokichapisha kwa jina la Crusade for Justice. Gazeti la New York Times halikumwandikia taazia alipokufa. Liliiandika tarehe 8 Machi 2018, miaka 87 baadaye, lilipoanzisha mfululizo wa taazia za waliopuuzwa. Yeye alikuwa mmoja wa wanawake 15 wa kwanza. Mwaka 2020 wakuu wa tuzo ya Pulitzer nao wakamtunuku tuzo maalumu. Katika kuuanza mfululizo ule gazeti lilikiri kwamba tangu mwaka 1851 taazia zake zilitawaliwa na wanaume Wazungu, na kwamba hata katika miaka miwili iliyotangulia 2018 wanawake walizidi kidogo tu mtu mmoja kwa kila watano.

Taazia si jambo dogo kwa mtunzi wa kamusi ya wasifu. Ndiyo karatasi ya kwanza anayoitafuta: ina tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, shule, kazi na ushuhuda wa wenzake, yote yamekusanywa na mtu mwingine asiyekuwa marehemu. Asiyeandikiwa taazia huanza safari ya kuingia katika marejeo akiwa amekwisha kuchelewa.

Kamusi za wasifu zenyewe zilijengwa juu ya msingi huo. Ile kamusi kubwa ya Waingereza, Dictionary of National Biography, ilianza kutoka mwaka 1885 chini ya uhariri wa Leslie Stephen, na ilipofika mwaka 1900 ilikuwa na majuzuu 63. Wanawake ndani yake hawakufikia asilimia 5. Ni kejeli ya historia kwamba binti wa mhariri huyo, Virginia Woolf, ndiye aliyekuja kuandika mwaka 1929 juu ya rafu tupu pale ambapo historia ya wanawake ingepaswa kuwa. Kamusi hiyo ilipoandikwa upya na kutolewa mwaka 2004 katika majuzuu 60, wanawake walifikia takriban mmoja kwa kila kumi. Marekani nako kamusi ya taifa iliyoanza kutoka mwaka 1928 ilikuja kuwa na wasifu karibu 15,000, na katika hizo za wanawake zilikuwa kama 700. Upungufu huo ndio uliowasukuma Edward T. James, Janet Wilson James na Paul Boyer kutoa, mwaka 1971, majuzuu matatu ya Notable American Women, yenye wasifu 1,359. Kazi ile yastahili kusifiwa kuliko inavyosifiwa. Haikungoja magazeti ya zamani yatubu. Iliwatuma wataalamu wachimbue barua, kumbukumbu za makanisa na rejesta za vyama, na kwa hivyo ikawapa waliokuja baadaye kitu cha kurejelea. Nyingi katika kurasa za intaneti zinazowahusu wanawake wa Marekani wa karne ya 19 zimejengwa juu ya mgongo wa majuzuu yale, ijapokuwa wasomaji wake hawajui.

Kwa mwandishi wa habari, hata hivyo, kuna tatizo lisilompata mwimbaji wala mwanasiasa. Kazi yake ni kuwaandika watu wengine. Mtu akilitafuta jina lake katika hazina ya magazeti, huenda akapata makala elfu moja aliyoyaandika, asipate hata moja linalomwandika yeye. Na kwa kanuni za kamusi elezo, maandishi ya mtu mwenyewe hayahesabiwi kuwa ushahidi wa umaarufu wake. Ndipo inapotokea ajabu hii, kwamba mtu aliyejaza kurasa za gazeti kwa miaka 20 anaonekana katika marejeo kama asiyepata kuwako.

Tena katika magazeti mengi hata jina lenyewe halikuwekwa. Gazeti la The Times la London, lililoanzishwa mwaka 1785, halikuyaweka majina ya waandishi wake juu ya habari kama desturi hadi mwaka 1967. Flora Shaw aliliandikia gazeti hilo katika ukimya huo. Alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa waandishi waliohudhuria mkutano wa Brussels wa kupinga utumwa wa mwaka 1889 na 1890, mkutano ambao maamuzi yake yaliigusa Afrika ya Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1893 akawa mhariri wa habari za makoloni, na tarehe 8 Januari 1897 ndiye aliyependekeza katika kurasa za The Times jina la Nigeria. Msomaji wa siku ile hakuwa na njia ya kujua kwamba aliyeipa nchi jina lake ni mwanamke, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupewa lake. Mwaka 1902 aliolewa na Frederick Lugard, yule yule aliyeifanyia kazi kampuni ya Waingereza katika Uganda kati ya 1890 na 1892, na tangu hapo katalogi zikaanza kumwita Lady Lugard. Margery Perham alimwandikia Lugard wasifu wa majuzuu mawili, 1956 na 1960. Mwanafunzi wengi hukutana na Shaw humo, akiwa mke. Hapa haidaiwi kwamba Shaw alikuwa rafiki wa Waafrika. Alikuwa mtetezi mkubwa wa ubeberu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutaka aonekane: hoja zilizohalalisha ukoloni zilikuwa na waandishi, na mwandishi asiyetajwa hawezi kuhojiwa.

Suala la majina ndilo linaloihusu zaidi taaluma ya lugha. Wells peke yake huweza kutafutwa kama Iola, kama Ida B. Wells, kama Wells-Barnett baada ya kuolewa mwaka 1895, na kama Bibi Barnett. Nellie Bly, aliyejifanya mwendawazimu mwaka 1887 ili aandike juu ya hospitali ya wanawake ya New York, alizaliwa Elizabeth Cochran. Jina Nellie Bly alipewa na mhariri wake, na alipokufa mwaka 1922 alizikwa kaburi lisilo na jiwe hadi chama cha waandishi cha New York kilipomwekea mwaka 1978. Bly angalau alibaki na jina moja la kalamu lililoshikamana naye. Elizabeth Bisland, aliyeondoka New York siku ile ile ya tarehe 14 Novemba 1889 kuizunguka dunia kwa upande mwingine, akafika siku chache tu baada ya Bly, leo hupatikana mara nyingi katika tanbihi za wasifu wa Lafcadio Hearn, kwa sababu alizihariri barua zake. Kila badiliko la jina humgawa mwandishi mmoja kuwa watu wawili au watatu wadogo, na hakuna hata mmoja wao anayefikia kimo cha kutajwa.

Katika Kiswahili mambo yana sura yake. Desturi ya heshima humwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, na jina hilo hujulikana mtaa mzima lakini halifai kitu katika faharasa. Neno binti, kwa upande mwingine, ni hazina: humtaja mwanamke kwa ukoo wake na halibadiliki anapoolewa. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, ameweza kupatikana chini ya jina moja tangu siku za santuri zake za Bombay mwaka 1928 hadi leo. Kuna sababu nyingine pia. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, uliochapishwa mwaka 1958, na wasifu huo ndio nguzo ya karibu kila kilichoandikwa juu yake baadaye. Mwimbaji asiyejua kuandika akapata mwandishi. Wanawake waliokuwa waandishi wenyewe mara nyingi hawakumpata. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipojiunga katika chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida walilolitoa walilipa jina la Sauti ya Siti. Uteuzi huo wa jina una maana kubwa kuliko wengi wanavyoudhania, kwa maana Siti alisambaza habari na maonyo kwa njia ya wimbo kabla ya wengi wa wanawake wa pwani kupata nafasi katika gazeti. Kenya chama cha namna hiyo, AMWIK, kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mwaka 1983.

Mfano wa Kenya unaostahili kuangaliwa kwa utulivu ni Grace Ogot. Kila kitabu cha marejeo cha fasihi ya Kiafrika kinamtaja kwa The Promised Land ya mwaka 1966, na kwa maandishi yake ya Kijaluo kama Miaha ya mwaka 1983. Vingine huongeza kwamba alikuwa mbunge na waziri msaidizi. Kwamba katika miaka ya 1950 alikuwa mwandishi wa miswada na mtangazaji wa BBC huko London, akiitangazia Afrika ya Mashariki, na kwamba aliporudi aliendesha kipindi cha redio cha kila juma kwa Kijaluo, hayo hupita kwa sentensi moja, kama ngazi aliyoipanda kufika penye riwaya. Lakini ni watu wangapi waliomsikia redioni, na wangapi waliomsoma? Muthoni Likimani naye, ambaye anajulikana kwa vitabu vyake juu ya wanawake na vita vya ukombozi, alikuwa mtangazaji. Katika mizani ya marejeo kitabu kimoja huishinda miaka kumi ya sauti. Kanda za kunasia sauti zilikuwa ghali, na kufuta kipindi cha jana ili kurekodi cha leo lilikuwa jambo la kawaida katika stesheni nyingi duniani, hata za nchi tajiri. Kwa hiyo mtangazaji, na hasa mtangazaji wa lugha ya kwao, hakuacha nyuma yake karatasi ya kuonyesha.

Wikipedia ilipoanzishwa mwezi Januari 2001, na tawi lake la Kiswahili mwaka 2003, wengi waliamini kwamba mlango umefunguliwa kwa wote, maana yeyote aweza kuandika. Mlango kweli ulifunguliwa, lakini kizingiti kilibaki. Kanuni inataka kila mtu anayeandikiwa ukurasa awe ameelezwa kwa kirefu na vyanzo vya kuaminika visivyotoka kwake wala kwa mwajiri wake. Kanuni hiyo ina busara yake, kwa kuwa bila hiyo kila mfanyabiashara angejiandikia sifa zake mwenyewe. Ila inampima mwanahabari wa mwaka 1960 kwa mizani ya wahariri wa mwaka 1960. Yule ambaye gazeti lilimnyima saini na taazia, anaambiwa sasa alete saini na taazia. Mwaka 2018 mfano wa nje ya uandishi wa habari uliwashangaza wengi: mwezi Mei ukurasa uliopendekezwa juu ya mwanafizikia Donna Strickland ulikataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha, na tarehe 2 Oktoba akatangazwa kuwa mshindi wa tuzo ya Nobel.

Hesabu zenyewe zinapatikana. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mwishoni mwa mwaka 2014, kurasa za wasifu zilizowahusu wanawake zilikuwa kiasi cha asilimia 15. Mwaka uliofuata Roger Bamkin na Rosie Stephenson-Goodknight walianzisha juhudi iitwayo Women in Red, jina linalotokana na desturi ya tovuti ile ya kuonyesha kwa rangi nyekundu jina lisilokuwa na ukurasa. Wafuasi wao hutunga orodha za majina mekundu, kwa nchi na kwa kazi, kisha huyaandikia moja moja. Katika muda wa miaka kumi hivi kiwango kimekaribia asilimia 20. Juhudi nyingine, Wiki Loves Women, ilianza mwaka 2016 katika Ghana, Nigeria, Cameroon na Côte d'Ivoire. Lakini kuandika ukurasa hakutoshi. Uchunguzi wa Francesca Tripodi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kati ya Januari 2017 na Februari 2020 wanawake walikuwa chini ya asilimia 19 ya wasifu wote, huku wakiwa zaidi ya robo ya wasifu zilizopendekezwa kufutwa kila mwezi. Anayeingia kwa shida hutolewa kwa urahisi.

Basi kazi yenye matokeo ya kudumu ni ile inayofanywa nje ya tovuti, kabla ya ukurasa kuandikwa. Idara za lugha na za historia zina uwezo nayo. Mwanafunzi anayemhoji mtangazaji mstaafu, akayaweka mahojiano katika tasnifu, na sehemu yake ikachapishwa katika jarida lenye wahariri, amekizalisha kile chanzo ambacho kamusi elezo inakitaka. Mwaka 2011 Achal Prabhala alitoa filamu fupi iliyotokana na majaribio ya India na Afrika Kusini, akidai kwamba ushahidi wa mdomo ukubaliwe kurejelewa kama ulivyo. Hoja yake inaeleweka vyema na yeyote aliyewahi kukusanya tenzi kwa wazee wa Lamu, lakini hadi kanuni zibadilike, uchapishaji ndio unaobaki kuwa daraja. Kuorodhesha ni kazi nyingine ya namna hiyo. Faharasa ya majina ya wachangiaji wa gazeti moja tu la Kiswahili, kwa mfano Baraza, lililochapishwa Nairobi tangu 1939 hadi 1979, ikiwa na saini za kalamu, herufi za kwanza za majina na majina ya ndoa yakiunganishwa chini ya mtu mmoja, ingefaa kuliko kurasa mia zilizotafsiriwa kwa haraka kutoka Kiingereza. Mfasiri hurithi orodha ya mwenziwe pamoja na mapengo yake.

Linabaki jambo la sarufi. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viambishi vyake. Sentensi inayosema kwamba mtu fulani alikuwa mwandishi wa habari, alihariri gazeti, akafungwa, akafa, yaweza kuwa ya mwanamume au ya mwanamke, na pale jina lilipoandikwa kwa herufi za kwanza tu, msomaji humdhania mwanamume. Baadhi ya waandishi wa Wikipedia ya Kiswahili huongeza maneno wa kike baada ya mwandishi. Wengine hulalamika kwamba hakuna anayeandika mwandishi wa kiume, na kwa hivyo nyongeza hiyo humfanya mwanamke kuwa kitu cha ajabu katika kazi yake mwenyewe. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini ukimya wa sarufi nao humficha. Njia iliyo bora ni kuliandika jina kwa ukamilifu wake mwanzoni mwa ukurasa, la kuzaliwa, la ndoa na la kalamu, na kutumia binti pale ambapo mwenyewe alilitumia. Jinsia iachiwe ile hazina ya takwimu iitwayo Wikidata, iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo humpa kila mtu namba moja katika lugha zote na kuiandika jinsia yake kando, mahali inapoweza kuhesabiwa.